Jo Shelby: Mto, Kamba na Farasi

Kabla Joseph Orville Shelby hajapanda farasi kwenda vitani, alikuwa tajiri wa kamba. Nataka uanzie hapo, kwa sababu hapa Missouri, Marekani, karibu kila anayemsimulia huanza na farasi. Utasikia habari za unyoya mweusi kofiani, ndevu nzito, mashambulizi ya alfajiri, na jenerali wa Kusini, yaani upande wa majimbo yaliyojitenga kutetea utumwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, aliyekataa kusalimu amri hata vita vilipokwisha. Simulizi ni tamu, na sehemu kubwa ni kweli. Lakini farasi alikuja baadaye. Kwanza palikuwa na mto, na mtoni meli za mvuke, na melini marobota ya nyuzi, kamba, na binadamu waliokuwa na bei.

Ninaishi Kansas City, mji wa Missouri alikozikwa. Kaburi lake liko Forest Hill, makaburi makubwa ya upande wa kusini, karibu na mnara uliojengwa mwaka 1902 kuwakumbuka wanajeshi wa Kusini waliokufa hapa. Kazini kwetu tuko wengi tunaozungumza Kiswahili, hasa ndugu zetu waliotoka Kivu, na watu waliokimbia vita husikiliza habari za vita kwa sikio jingine. Niliwasimulia habari za Shelby wakati wa chakula. Mama mmoja wa Uvira akaniuliza swali moja tu: "Huyo mkubwa, nani alikuwa anamlimia?" Makala hii ni jibu langu kwake. Limekuwa refu kuliko muda wa mapumziko.

Shelby alizaliwa Lexington, Kentucky, tarehe 12 Desemba 1830, katika ukoo wa watu wenye jina. Baba yake alifariki yeye akiwa mtoto mdogo, na mama yake akaolewa na Benjamin Gratz, mfanyabiashara aliyekuwa na kiwanda cha kamba mjini humo. Utotoni rafiki yake mmoja alikuwa John Hunt Morgan, naye baadaye akawa jenerali wa askari wa farasi wa Kusini. Julai 1863 Morgan aliteka meli mbili za mvuke kwenye Mto Ohio, akazitumia kuvusha jeshi lake zima kuingia Indiana. Ndugu mwingine wa ukoo alikuwa Frank Blair, ambaye vita vilipoanza alisimama kidete upande wa serikali ya Lincoln mjini St. Louis. Walikula sahani moja, na vita vikawagawa.

Kiwanda cha Gratz kilisokota hempu. Kwa msomaji asiyeijua, hempu ni bangi hiyohiyo kwa ukoo, ila aina hii hulimwa kwa ajili ya nyuzi za shina lake. Inakua ndefu kumpita mtu, inakatwa mwishoni mwa kiangazi, kisha inatandazwa shambani wiki nyingi ili umande uozeshe gundi inayoshika nyuzi na mti. Baada ya hapo inavunjwavunjwa kwa mashine ya mbao ya kuendeshwa kwa mkono, shina baada ya shina, mpaka ubaki uzi mtupu. Kuvunja hempu ni kazi ya majira ya baridi, katikati ya vumbi linaloziba kifua. Watu weupe waliokuwa na uwezo wa kuikwepa waliikwepa. Kentucky na Missouri kazi hiyo ilifanywa na watumwa, na ilipimwa kwa ngwe: kwa kawaida ratili 100 za uzi safi kwa siku, na aliyezidisha alilipwa senti kidogo kwa kila ratili ya ziada.

Nimekulia Korogwe, baba yangu alikuwa karani kwenye shamba la mkonge. Najua mtu anavyorudi nyumbani na mikono iliyochanwa na zao la kamba, na najua ngwe ni kitu gani. Manamba, yaani vibarua wa mkonge, walinyonywa, lakini walikuwa na kipande, kadi ya kuhesabia siku za kazi, na siku ya kipande kujaa waliweza kuondoka. Aliyevunja hempu ya Shelby hakuwa na siku hiyo. Watoto wake pia hawakuwa nayo.

Mwaka 1852 Shelby alihamia Waverly, mji mdogo ulio juu ya ukingo wa Mto Missouri katika kaunti ya Lafayette. Alikuwa na umri wa miaka 21 na urithi mkononi. Pamoja na ndugu yake wa kambo alifungua kiwanda cha kamba, akanunua ardhi, akalima hempu, akaingia pia katika biashara ya usafiri wa mtoni. Kabla ya vita alikuwa mmoja wa watu matajiri wa eneo lile. Kaunti ya Lafayette ndiyo iliyokuwa na watumwa wengi kuliko zote Missouri katika sensa ya mwaka 1860, zaidi ya 6,000.

Sasa tazama jinsi biashara hiyo ilivyofungamana. Kamba na magunia ya hempu kutoka Waverly hazikuhangaika kutafuta mnunuzi. Zilishuka kwa meli hadi St. Louis, zikaendelea kushuka Mississippi, zikafunga marobota ya pamba katika mashamba ya Kusini. Mtumwa wa Missouri alisokota kamba iliyofunga pamba iliyochumwa na mtumwa wa Mississippi. Bei ya pamba ilipopanda, hempu ilipanda, na bei ya mtu ilipanda pia. Mwenye shamba wa Missouri aliyebanwa na deni alikuwa na kitu kimoja cha kuuza haraka, na kitu hicho kilipandishwa kwenye meli ileile iliyobeba kamba.

Mtu aliyeieleza meli hiyo kutoka ndani ni William Wells Brown. Naye alizaliwa Kentucky katika utumwa, akaletwa Missouri akiwa mtoto, na ujanani alikodishwa kufanya kazi kwenye meli za mvuke. Kwa muda alikodishwa kwa mfanyabiashara wa watumwa aliyekuwa akipeleka misafara ya watu New Orleans. Kazi mojawapo aliyopewa ilikuwa kuwaandaa wazee kabla ya mnada: kuwang'oa mvi, na pale mvi zilipozidi, kuzipaka rangi nyeusi, ili mnunuzi adhani ni vijana. Tarehe 1 Januari 1834 meli iliyombeba ilitia nanga Cincinnati, upande wa jimbo lisilo na utumwa. Akashuka gatini kama mtu anayebeba mzigo, akatembea moja kwa moja, hakurudi. Baadaye alifanya kazi kwenye meli za Ziwa Erie, na katika mwaka 1842 peke yake aliwavusha watoro 69 kwenda Kanada. Ukiniuliza mimi ni mtu gani wa meli za mvuke anayestahili makala ndefu, nitamtaja yeye kabla ya Shelby. Lakini bila watu wa aina ya Shelby hutamwelewa Brown alikuwa akikimbia nini.

Mto wenyewe ulikuwa mgumu. Missouri ni mto wa tope unaohamahama, unakula ukingo huu na kujenga ule, na kila unapokula msitu unaondoka na miti. Miti hiyo hukwama chini kwa mizizi, vilele vikielekea mkondo unakokwenda, na meli inayopanda inajichoma yenyewe. Meli zilijengwa bapa ili zielee kwenye maji haba. Zilipokwama kwenye mchanga, mabaharia walisimamisha nguzo mbili ndefu mbele, wakaiinua meli kwa kamba na winchi, wakairusha mbele kidogokidogo kama panzi. Kuni ziliungua kwa wingi wa kutisha, na waliozibeba na kuzitia tanurini mara nyingi walikuwa watumwa waliokodishwa au Waairishi maskini. Juu kulikuwa na mazulia na vioo. Chini, karibu na boila, kulikuwa na watu wa kazi na abiria wa nauli ndogo. Boila lilipopasuka, wao ndio waliotangulia.

Mwaka uleule Shelby alipofika Waverly, meli ya Saluda ilikuwa ikijaribu kwa siku kadhaa kupita kona yenye mkondo mkali na barafu katika mji wa Lexington, Missouri, kilometa kama 30 juu ya Waverly. Ndani kulikuwa na wahamiaji Wamormoni, waumini wa dhehebu lililozaliwa Marekani, wengi kutoka Uingereza na Wales, wakielekea magharibi. Tarehe 9 Aprili 1852, Ijumaa Kuu, nahodha Francis Belt aliamuru mvuke uongezwe ili apite kwa nguvu. Maboila yakalipuka. Wanakadiria watu wapatao 100 walikufa, nahodha mwenyewe akiwemo. Watoto waliobaki yatima walichukuliwa na familia za mji ule, na kengele ya meli ikauzwa, ikaenda kupigwa kanisani. Ninaisimulia kwa sababu hivyo ndivyo ulimwengu wa wenye mali wa mto ulivyowaza: ukikwama, ongeza moto. Miaka michache baadaye wanaume wa kaunti ileile walifanya hivyohivyo na siasa.

Mwaka 1854 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoacha wakazi wa Kansas waamue wenyewe kama watakuwa na utumwa. Kansas iko jirani kabisa, na wenye watumwa wa Missouri waliona mlango wa utoro ukifunguliwa ubavuni mwao. Wakavuka mpaka kwa makundi yenye silaha, wakapiga kura wasizokuwa na haki nazo, wakatisha watu, wakachoma. Shelby alikuwa miongoni mwa viongozi wao. Mto nao ukawa uwanja wa vita hivyo kabla ya vita. Machi 1856 meli ya Arabia ilisimamishwa Lexington, watu wakashusha bunduki 100 aina ya Sharps zilizokuwa zikipelekwa kwa walowezi wa Kansas waliopinga utumwa. Septemba ya mwaka huohuo Arabia iligonga gogo la mti wa jozi karibu na Parkville ikazama kwa dakika chache. Abiria wote waliokoka, akafa nyumbu mmoja aliyesahaulika amefungwa. Mto ukahama, meli ikabaki chini ya shamba la mahindi, na mwaka 1988 wachimbaji walianza kuifukua ikiwa na shehena yake yote: viatu, vyungu, manukato, matunda ya makopo. Shehena hiyo imeonyeshwa kwa miaka mingi katika makumbusho hapa Kansas City. Kwangu hakuna mahali panapoonyesha vizuri zaidi utajiri uliokuwa ukipanda na kushuka mto ule.

Vita vyenyewe vilipoanza mwaka 1861, Shelby aliunda kampani ya wapanda farasi kutoka Waverly, kwa fedha yake mwenyewe. Alipigana Carthage Julai ile, kisha Wilson's Creek mwezi Agosti. Septemba jeshi la Missouri la upande wa Kusini, lililokuwa chini ya Sterling Price, liliizingira Lexington, na hapo zao la eneo lile likaingia vitani lenyewe: askari waliyalowesha marobota ya hempu kwa maji ya mto, wakayasukuma mbele kama ukuta unaotembea, risasi na mizinga zikishindwa kuyapenya, hadi kambi ya Muungano, yaani jeshi la serikali ya Lincoln, ikasalimu amri tarehe 20 Septemba. Mpaka leo vita hivyo vinaitwa Vita vya Marobota ya Hempu.

Kupanda kwake cheo nitakupitisha haraka. Alikuwa hodari kweli. Alijua kuwatembeza watu na farasi usiku, alijua kurudi nyuma bila jeshi kutawanyika, na hilo la pili ni gumu kuliko kushambulia. Alipigana Prairie Grove Desemba 1862, akajeruhiwa mkono huko Helena, Arkansas, tarehe 4 Julai 1863. Kati ya Septemba na Novemba mwaka huo aliongoza uvamizi wa kwenda ndani ya Missouri na kurudi Arkansas, siku 41 na takriban kilometa 2,400, na Desemba akapewa ubrigedia jenerali. Msaidizi wake, John Newman Edwards, alikuwa mwandishi wa habari kwa kazi, ndiye aliyeandika taarifa zake za kijeshi, na baada ya vita ndiye aliyemtengenezea jina. Edwards huyohuyo ndiye aliyempamba jambazi Jesse James magazetini mpaka akawa shujaa. Kalamu yake ilikuwa na sukari nyingi, na ukisoma habari za Shelby ujue nyingi zimepita kwenye kalamu hiyo.

Juni 1864 alifanya jambo ambalo wapenda vita huku hawachoki kulisimulia. Manowari ya Muungano, Queen City, ilikuwa imetia nanga Clarendon, Arkansas, kwenye Mto White. Shelby aliwasimamisha farasi mbali na mji, akawaagiza watu wasukume mizinga kwa mikono gizani hadi ukingoni. Alfajiri ya tarehe 24 wakafyatua kwa karibu. Makombora yakaharibu mitambo, mvuke ukajaa ndani, na nahodha akasalimu amri baada ya muda mfupi. Askari wa farasi wakawa wameteka manowari. Waliichukulia mizinga kadhaa, na manowari nyingine zilipokaribia wakailipua. Mtu aliyeijua meli ya mvuke alijua mahali pa kuipiga. Sioni sababu ya kuficha kwamba ulikuwa ujanja wa hali ya juu.

Lakini miezi miwili kabla ya Clarendon kulikuwa na Marks' Mills, nayo haisimuliwi mezani.

Tarehe 25 Aprili 1864, jeshi la Muungano lililokuwa Camden, Arkansas, lilikuwa limetuma msafara wa magari ya kukokotwa zaidi ya 200 kwenda kutafuta chakula. Nyuma ya magari walifuata mamia ya watu weusi, wanaume kwa wanawake na watoto, waliotoroka mashamba wakiamini kwamba kutembea pamoja na jeshi la Lincoln ndiyo njia ya uhuru. Hawakuwa na silaha. Vikosi vya Kusini chini ya James Fagan viliuvamia msafara. Brigedi ya Shelby ndiyo iliyozunguka na kufunga njia ya mbele. Askari wa Muungano wakazidiwa, wakakamatwa. Kisha yakaanza mauaji ya wale waliokuwa nyuma. Wanahistoria wanakadiria zaidi ya 100 waliuawa, na waliosalia wakarudishwa utumwani. Edwards mwenyewe, mpambaji wa Shelby, aliandika kwamba hakuna amri iliyoweza kuwazuia watu wake, na kwamba maiti zilirundikana kando ya magari na vichakani.

Siku saba kabla ya hapo, Poison Spring, jeshi la Kusini lilikuwa limewaua askari weusi wa kikosi cha kwanza cha Kansas hata baada ya kujeruhiwa na kusalimu amri. Waliokufa wa kikosi hicho walikuwa 117. Shelby hakuwa Poison Spring. Marks' Mills alikuwepo. Nimesoma maelezo mengi yanayomwita muungwana wa vita, na wengi wa waandishi hao hufika mwezi Aprili 1864 wakapiga hesabu ya magari yaliyotekwa, wakasonga mbele. Mimi siwezi kusonga mbele. Wale mamia walikuwa ni wavuna pamba, wapishi na watoto, watu wa aina ileile waliofungwa kwa uchumi wa kamba zake. Walishika barabara, na jeshi la mwenye kamba likawafikia.

Mwaka huohuo, mwezi Oktoba, Price alirudi Missouri kwa uvamizi mkubwa wa mwisho, Shelby akiongoza moja ya divisheni zake tatu. Tarehe 23 walipigwa Westport, ambako leo ni mtaa wa baa na mikahawa katikati ya Kansas City. Shelby alibaki nyuma akizuia wanaofukuza ili jeshi lililobaki litoroke, na ndiyo maana mnara wa mwaka 1902 ukawekwa pale Forest Hill: eneo hilo ni la mapigano ya siku ile. Januari 1865 Missouri ikafuta utumwa. Msingi wote wa Waverly ukawa umeondoka, hata kabla majenerali hawajakubali.

Shelby hakukubali kabisa. Majira ya joto ya mwaka 1865, akiwa na mamia kadhaa ya watu wake, alipita Texas hadi Mto Rio Grande, na inasimuliwa kwamba walizamisha bendera yao mtoni wakiwa wanavuka kuingia Mexico. Wakati huo Mexico ilikuwa na vita vyake: Mtawala Maximilian aliyewekwa na Wafaransa, na Rais Benito Juárez aliyekuwa akipigania jamhuri. Shelby mwenyewe alielekea kuona afadhali kwa Juárez. Watu wake wakapiga kura, wakamchagua Maximilian, naye akawafuata watu wake. Wakafika mji mkuu kujitolea, mtawala akakataa kuwachukua kama jeshi, akawapa ardhi karibu na Córdoba, mahali walipopaita Carlota kwa heshima ya mke wake. Septemba 1865 ilitolewa amri iliyosema mtu mweusi akikanyaga Mexico yuko huru, halafu ikaruhusu wafanyakazi walioletwa na walowezi wafungwe kwa mikataba ya miaka mitano hadi kumi. Utumwa ulikuwa umebadilishiwa karatasi. Shelby huko alifanya biashara ya kusafirisha mizigo kwa magari ya nyumbu. Wafaransa walipoondoka, makazi yakavunjika. Maximilian akapigwa risasi Querétaro tarehe 19 Juni 1867, na Shelby akarudi Missouri mwaka huo.

Hapa ndipo maisha yake yanapoanza kunigusa kwa namna nyingine, na ni haki kusema hivyo.

Alirudi mkulima wa kawaida, mwishowe akakaa kaunti ya Bates, karibu na Adrian. Utajiri wa zamani haukurudi. Biashara ya meli ilikuwa inakufa kwa sababu ya reli, na reli hazikukwama kwenye mchanga. Mwaka 1883, Frank James, kaka yake Jesse, aliposhtakiwa Gallatin, Shelby alikwenda kumtolea ushahidi, akafika mahakamani amelewa, akabishana na mawakili, akatozwa faini kwa kudharau mahakama. Mashujaa wa Edwards walikuwa wakizeeka vibaya.

Lakini uzeeni alisema maneno ambayo wenzake wengi hawakuwahi kuyasema. Alipoulizwa na mwanahistoria William Connelley juu ya uvamizi wa Kansas, alijibu kwamba hakuwa na haki yoyote ya kuwa kule, kwamba alistahili kupigwa risasi kule, na kwamba John Brown ndiye pekee aliyelijua hilo na ambaye angelitekeleza. Fikiria uzito wa jina hilo. John Brown, mpinga utumwa aliyenyongwa mwaka 1859 kwa kujaribu kuwapa watumwa silaha, alikuwa shetani kwa watu wa tabaka la Shelby. Mzee aliyeongoza magenge ya mpakani akasema yule shetani ndiye aliyekuwa amemsoma sawasawa.

Mwaka 1893 Rais Cleveland alimteua kuwa mkuu wa maofisa wa mahakama za serikali kuu upande wa magharibi wa Missouri. Jenerali ambaye hakuwahi kusalimu amri kwa serikali ile akala kiapo cha kuitumikia. Miongoni mwa wasaidizi wake aliteua mtu mweusi, na waliokuwa askari wenzake walipolalamika alisimama na uamuzi wake. Alifariki tarehe 13 Februari 1897, na mazishi yake yalijaza watu.

Kwa hiyo tumpime vipi? Wapo wanaotaka maneno yale ya uzeeni yafute yaliyotangulia. Siwezi kuwafuata. Alijutia Kansas, na katika kila nilichokisoma sijakutana na neno lake kwa ajili ya wale wa Marks' Mills. Majuto yake yaliwaendea wazungu wenzake aliowavamia ng'ambo ya mpaka, watu waliokuwa na mashamba na kura. Aliyevunja ratili 100 za hempu kwa siku katika baridi ya Januari hakutajwa. Wapo pia wanaotaka asikumbukwe kabisa, kaburi lisitajwe. Hao nao siwafuati, kwa sababu ukimfuta Shelby unafuta ushahidi. Ramani nzima ya namna utajiri wa Missouri ulivyotengenezwa imo katika maisha yake: shamba, kiwanda, meli, mnada, bunduki. Anayesimulia farasi tu ndiye aliyeifuta ramani hiyo.

Kumteua mtu mweusi mwaka 1893, wakati Kusini kote sheria za ubaguzi zilikuwa zikikazwa, hakukuwa jambo jepesi, nami ninampa haki yake yote kwa hilo. Ni tendo moja, la mtu aliyekuwa na mamlaka, na lilifanyika. Nililieleza kazini, na yule mama wa Uvira akasema hata kwao wapo makamanda waliozeeka wakawa watu wema kwa majirani, na majirani huwasalimia, ila wanajua.

Forest Hill hiyohiyo amezikwa Satchel Paige, mmoja wa warushaji mpira bora kabisa katika historia ya besiboli, mtu mweusi aliyefungiwa nje ya ligi kuu mpaka alipopita miaka arobaini. Alifariki mwaka 1982. Watu wengi zaidi siku hizi huulizia kaburi lake kuliko la jenerali, na hilo linanifurahisha.

Na kuna kaunti ya Bates, ambako Shelby alilima hadi mwisho. Tarehe 29 Oktoba 1862, kwenye shamba moja la kaunti hiyo, askari weusi wa kikosi cha kwanza cha Kansas, ambao wengi wao walikuwa wametoroka mashamba ya Missouri, walipigana na waasi wa Kusini waliokuwa wengi kuliko wao, wakawarudisha nyuma. Mapigano yale yanaitwa Island Mound, na ni miongoni mwa ya kwanza kabisa ambayo kikosi cha watu weusi kilipigana katika vita vile. Walipoteza watu wanane. Shamba lile waliligeuza ngome, wakaiita Fort Africa. Tangu mwaka 2012 ni eneo la kumbukumbu la jimbo, karibu na mji wa Butler, mwendo wa kama saa moja na nusu kwa gari kutoka Kansas City ukishika barabara ya kusini. Wageni huwa wachache. Mwenye gari na nafasi Jumamosi aniandikie, tupange safari pamoja na wenzangu wa kazini.